Magugu Yanayozonga Mimea: Kuchimba, Kukata, Kufunika au Kutumia Dawa?

Mwenye bustani wa Nakuru, Kisumu au Kakamega anapolalamika kwamba mboga zake zimezongwa na gugu ambalo hurudi kila linapopaliliwa, huenda anazungumzia mmoja kati ya mimea minne ambayo kwa mbali hufanana lakini huishi kwa namna tofauti kabisa. Jembe linaloumaliza mmoja ndilo linalouzidisha mwingine, na dawa iliyonunuliwa kwa bei ghali huweza kuunguza majani ya wa tatu bila kuugusa uhai wake. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na utambuzi, kisha unapima njia za kudhibiti, na utakaa zaidi kwenye konvolvulasi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowashinda watu wengi.

Ni gugu gani hasa?

Konvolvulasi (Convolvulus arvensis) asili yake ni Ulaya na Asia, na hapa kwetu hulipenda zaidi eneo la nyanda za juu. Shina lake ni jembamba na halina nguvu ya kusimama peke yake, hivyo hujizungusha kwenye chochote kilicho karibu, kiwe bua la mahindi, shina la sukuma wiki au waya wa ua. Majani yana umbo la ncha ya mshale, yenye masikio mawili yanayoelekea nyuma kwenye kikonyo. Ua lake ni jeupe au la waridi hafifu, lina umbo la tarumbeta na upana wa sentimita 2 hadi 3, na hunyauka siku hiyohiyo lilipochanua. Alama ninayoiamini zaidi, hata hivyo, si ua bali vijani viwili vyembamba sana vinavyokaa kwenye kikonyo cha ua, sentimita moja au mbili chini ya ua lenyewe. Ni vidogo kiasi kwamba mtu asiyevitafuta hatavitambua, lakini akishaviona mara moja hawezi tena kulichanganya gugu hili na mengine.

Falopia (Fallopia convolvulus) ndiyo inayochanganywa nayo mara nyingi, hasa na wakulima wa ngano wa Njoro na Molo, kwa kuwa nayo hujizungusha na majani yake yana umbo la moyo lenye ncha kali. Tofauti iko kwenye fundo. Pale jani linapoota, falopia ina ala nyembamba na kavu inayolizunguka shina, na ukiisugua kwa ukucha itabanduka; konvolvulasi haina ala hiyo. Maua ya falopia ni madogo sana, ya rangi ya kijani na nyeupe, hayana umbo la tarumbeta hata kidogo, na mbegu zake ni nyeusi zenye pembe tatu.

Ipomea ni ukoo mkubwa ambamo viazi vitamu vyenyewe vimo. Zile zinazosumbua bustani hapa ni za aina mbili kuu. Moja, Ipomoea purpurea, ina majani mapana yenye umbo la moyo, shina lenye vinyweleo, na maua makubwa ya zambarau ambayo wengi huyaacha kwa sababu ya uzuri wake. Nyingine, Ipomoea cairica, ina majani yaliyogawanyika kwa vidole vitano, nayo hupanda juu ya ua, miti na hata nyaya, ikiota mizizi mipya kila shina linapogusa udongo. Mwenye kutaka kuzitofautisha na konvolvulasi aangalie ukubwa wa ua kwanza: ua la ipomea kwa kawaida ni pana mara mbili au zaidi.

Mlangamia (Cuscuta) hauhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kuuona. Ni nyuzi za manjano au za rangi ya machungwa, zisizo na majani wala mizizi ardhini, zilizotandazwa juu ya ua la nyumba au mti. Watu wa Pwani hulitumia jina hilo pia kwa mmea mwingine wa jamii tofauti wenye tabia hiyohiyo, lakini unaoenea katika kaunti za magharibi ni Cuscuta, ambao, kwa ajabu ya elimu ya mimea, umo katika jamii moja na konvolvulasi na viazi vitamu. Huku magharibi spishi yenye mashina manene, Cuscuta reflexa, huonekana juu ya nyua za nyumba, miembe, michungwa na mikahawa.

Yote hayo ni rahisi mmea ukiwa umekomaa. Kazi ngumu ni kuutambua ukiwa mchanga, na hapo kuna jambo moja la kuangalia ambalo husaidia kuliko picha yoyote. Mche uliotokana na mbegu huwa na majani mawili ya mwanzo yasiyofanana na yale yatakayofuata: ya ipomea yamepasuka katikati na kuwa na umbo la kipepeo, ya konvolvulasi yana umbo linalokaribia mraba na mbonyeo kidogo kwenye ncha, ya falopia ni membamba na marefu. Ikiwa chipukizi limetokeza udongoni bila majani hayo ya mwanzo, tayari likiwa na majani ya mshale, basi halikutokana na mbegu bali limetoka kwenye mzizi ulioko chini. Fukua taratibu kwa kidole. Utakuta uzi mweupe ulionyooka kwenda chini, mnene kiasi cha kijiti cha kiberiti au chini ya hapo, ambao hukatika ukivutwa kwa nguvu kidogo tu. Huyo ndiye konvolvulasi aliyeshika makao.

Kabla ya kung'oa chochote, ni vyema pia kujua kisichopaswa kung'olewa. Katika Vihiga na Kakamega nderema hupanda ua kwa namna ileile, lakini majani yake ni manene, yana maji, na huteleza yakipondwa kwa vidole. Niliwahi kumsikia mama mmoja akimwambia kijana wa kibarua, kwa upole uliojaa uchungu, "Mwanangu, umeng'oa mboga ukaacha gugu." Miche ya pasheni na ya kunde za kutambaa nayo huangukia mkosi huohuo.

Jembe lifuate mahali uhai ulipo

Mimea hii hutofautiana kwa jambo moja lenye uzito kuliko majani na maua, nalo ni mahali inapoweka akiba ya maisha yake. Falopia na ipomea ya zambarau huiweka kwenye mbegu peke yake. Mmea ukifa kabla ya kuzaa, habari yake imekwisha. Ipomea ya vidole vitano huiweka kwenye shina na kwenye mzizi mnene ulio karibu na uso wa udongo. Mlangamia hauna akiba ardhini isipokuwa mbegu, kwa kuwa chakula chake chote hukinyonya kutoka kwa mmea ulioukalia. Konvolvulasi ina akiba kotekote: mbegu zenye ganda gumu zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 20 na bado zikaota, na mizizi inayoweza kushuka zaidi ya mita 3, ingawa sehemu kubwa ya mizizi hiyo hukaa katika sentimita 60 za juu.

Kwa falopia na ipomea ya zambarau sina haja ya kupoteza nafasi. Palilia kwa jembe la kawaida miche ikiwa midogo, rudia baada ya mvua nyingine kuotesha mbegu zilizobaki, na usiruhusu hata mmea mmoja kukomaza mbegu juu ya ua kwa sababu ya maua yake. Matandazo mazito ya nyasi au mabua hufanya kazi nzuri hapa. Dawa haihitajiki.

Ipomea ya vidole vitano inataka kuchimbwa. Kata mashina yote yaliyopanda, yaache yakauke juu ya mti bila kuyavuta ili usivunje matawi, kisha ufuate shina kuu mpaka kwenye kisiki chake na ukichimbue chote. Mashina yaliyotambaa chini yakusanywe, kwa sababu kipande chenye fundo kilichoachwa kwenye udongo wenye unyevu kitaota. Wakulima wa viazi vitamu wa Kabondo, Busia na Bungoma wana sababu ya ziada ya kulichukulia gugu hili kwa uzito: ipomea za mwituni humhifadhi fukusi wa viazi vitamu msimu ambao viazi havimo shambani, na pia huweza kubeba virusi vya zao hilo. Ua lililojaa ipomea kando ya shamba la viazi ni hasara inayosubiri msimu.

Mlangamia ndio unaokosewa zaidi, kwa kuwa watu huvuta nyuzi kwa mikono na kuridhika. Nyuzi hizo zimejishikiza kwenye gome kwa vinyonyaji vidogo, na kipande kilichobaki kimejishikiza huendelea kukua. Njia inayofaa ni kukata tawi la mmea uliovamiwa, chini ya mahali nyuzi zilipofikia, na kulichoma moto papo hapo pamoja na nyuzi zake kabla ya maua kukomaa. Ni uchungu kulipunguza ua lililochukua miaka kukua, lakini kati ya kulipoteza nusu leo na kulipoteza lote baadaye, chaguo ni la wazi. Kitu kimoja kisifanywe kabisa: nyuzi zilizoondolewa zisitupwe juu ya ua jingine wala kandokando ya barabara, kwa sababu kipande cha shina kikiangukia tawi bichi huweza kujishikiza upya. Kwenye bustani, mbegu ya mlangamia iliyoota hufa baada ya siku chache ikikosa mmea wa kunyonya, na mimea ya jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama na nepia, kwa kawaida haivamiwi. Misimu kadhaa ya mahindi matupu, bila maharage katikati, hupunguza tatizo bila shilingi moja ya dawa.

Konvolvulasi: njia nne zikipimwa pamoja

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuchimba. Hapa chombo kina maana kuliko nguvu. Jembe bapa huukata mzizi vipande, na kipande cha sentimita 5 tu kinatosha kuanzisha mmea mpya. Trekta lenye visu vinavyozunguka hufanya uharibifu huohuo kwa ukubwa zaidi. Kwenye bustani moja ya Njoro, kitanda cha sukuma wiki kilicholimwa kwa bidii kabla ya mvua kilikuja kuwa na machipukizi yaliyojipanga kwa safu, safu moja kwa kila mstari ambao jembe lilipita. Jembe uma ndilo linalofaa. Lizamishwe kando ya mmea, udongo uinuliwe na kuvunjwavunjwa, kisha mizizi myeupe iokotwe kwa mkono mmoja mmoja. Wakati mzuri ni udongo ukiwa na unyevu lakini haunati, siku mbili tatu baada ya mvua. Faida ya kuchimba ni kwamba kitanda kinaweza kupandwa msimu uleule. Kasoro yake ni kwamba hutaufikia mzizi wote hata ukichimba hadi magotini, hivyo kuchimba peke yake hakumalizi. Hupunguza akiba tu, na kile kilichobaki chini kitatuma machipukizi membamba yanayopaswa kushughulikiwa kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni kukata mara kwa mara, na ndiyo ninayoipendelea kwa bustani ya nyumbani, ingawa inachosha kuitaja kwa sababu haina ushindi wa haraka. Msingi wake uko kwenye namna mmea unavyokula. Chipukizi linapotoka ardhini, kwa siku za mwanzo linatumia chakula kilichohifadhiwa kwenye mzizi. Likishapata majani ya kutosha, mkondo hugeuka na majani huanza kurudisha chakula chini. Ukilikata kabla ya hatua hiyo ya pili, kila chipukizi linakuwa gharama kwa mzizi bila malipo. Kwa vitendo hii ina maana ya kupita na jembe dogo au panga kila baada ya wiki mbili hadi tatu, ukikata chini kidogo ya uso wa udongo, bila kuruka mwezi hata mmoja wakati wa mvua. Huchukua miaka miwili au mitatu, na wakati mwingine zaidi. Anayekata kwa bidii kuanzia Machi hadi Mei, kisha akaacha Juni na Julai kwa sababu ya mavuno au sherehe, huupa mzizi nafasi ya kujaza tena ghala lake, na mwaka unaofuata ataanza karibu na pale alipokuwa. Gharama ya njia hii si fedha, ni uaminifu kwa kalenda, na kwa hiyo inamfaa mtu anayeishi penye bustani kuliko mwenye shamba anayelitembelea wikendi.

Ipo namna ya kuifanya kazi hii iwe nyepesi, nayo ni kupanda kitu kinachokatwa mara kwa mara kwa ajili ya mifugo. Nepia au lusani zinapovunwa, gugu nalo linakatwa, na katikati ya mavuno kivuli chake huidhoofisha konvolvulasi, ambayo hupenda jua. Kwa wafugaji wa maziwa wa Bahati na Njoro hili ni jambo la kufikiriwa kwa makini. Tahadhari iko kwenye lusani: mbegu zake huweza kuchanganyika na mbegu za mlangamia, na zao lenyewe huvamiwa kwa urahisi. Nunua mbegu iliyofungwa na kuthibitishwa, ama uchague nepia.

Njia ya tatu ni kufunika. Matandazo ya nyasi na hata maboksi yaliyotandazwa, ambayo ni dawa nzuri kwa magugu ya mbegu, hayaizuii konvolvulasi. Hutembea chini yake mpaka ipate upenyo. Karatasi nzito ya nailoni nyeusi ni afadhali, mradi ienee zaidi ya mpaka wa gugu kila upande, izikwe kingo, na isitobolewe. Wanaotoboa matundu ili wapande nyanya huona gugu likitokeza kwenye matundu yaleyale. Kwa hiyo kufunika maana yake ni kukiacha kitanda bila zao kwa zaidi ya mwaka, tena wengine hulazimika kufika miaka mitatu, na familia nyingi zenye robo eka haziwezi kumudu hilo. Nailoni angavu, ile inayopitisha jua na kuuchemsha udongo, ni jambo tofauti: ikitandazwa juu ya udongo uliolowa kwa wiki nne hadi sita katika Januari na Februari, huua miche na baadhi ya mbegu katika sentimita za juu, lakini joto hilo haliifikii mizizi iliyo ndani. Ninaitaja kwa sababu huuzwa kama suluhisho la magugu yote, na kwa gugu hili sivyo.

Njia ya nne ni dawa. Hapa kuna tofauti tatu ambazo muuzaji wa agroveti asipozieleza, mnunuzi anapaswa kuziuliza. Dawa za kuunguza kwa kugusa, kama parakwati, hukausha majani kwa siku moja au mbili na kumpa mtu furaha, lakini hazisafiri hadi mzizini. Isitoshe parakwati ni sumu kali kwa binadamu, na Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia tangu 2007. Dawa ya 2,4-D huchagua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi, ngano na nyasi, hivyo ina nafasi kwenye shamba la nafaka. Kwenye bustani ya mchanganyiko ni hatari, kwa kuwa maharage, nyanya, sukuma wiki na viazi vitamu vyote ni vya majani mapana, na hata masalio yaliyobaki kwenye pampu isiyooshwa vizuri hutosha kukunja majani ya nyanya. Glaifoseti husafiri hadi mizizini, na kwa sababu hiyo ndiyo dawa yenye matumaini zaidi kwa konvolvulasi, lakini huua karibu kila mmea wa kijani inaougusa.

Ufanisi wa glaifoseti hutegemea mambo ambayo mara nyingi hupuuzwa. Ipakwe gugu likiwa na majani mengi na linapoanza kuchanua, kwa maana wakati huo chakula kinateremka mizizini na dawa hufuatana nacho. Kuipaka kwenye machipukizi machanga, au kwenye majani yaliyosinyaa kwa kiangazi, ni kupoteza dawa. Isichanganywe na maji ya tope kutoka mtoni wala kunyunyiziwa kwenye majani yaliyojaa vumbi la barabara, kwa sababu hujishikiza kwenye chembe za udongo na kupoteza nguvu. Inahitaji takriban saa sita bila mvua, na kwa wakazi wa Kisumu, ambako ngurumo huanza alasiri, hiyo ina maana ya kufanya kazi asubuhi umande ukishakauka. Hata ikifanywa vizuri, mara moja haitoshi. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka kadhaa za udhibiti duniani zimefikia uamuzi tofauti. Mimi naona ubishi huo ni sababu tosha ya kuitumia kwa kipimo kidogo na mahali pachache. Angalia pia kwamba chupa ina namba ya usajili ya bodi ya serikali, PCPB, kwa kuwa bidhaa huondolewa sokoni na nyingine huuzwa bila idhini.

Mahali hapo pachache ni pale ambapo jembe haliingii: gugu linapotokea katikati ya mawe ya njia, chini ya ukuta, au katikati ya mizizi ya ua la michongoma. Chomeka fimbo karibu na gugu, uliache lipande juu yake mbali na mimea mingine, kisha, ukiwa umevaa glavu za mpira, upake majani yake kwa sponji au brashi iliyochovywa kwenye dawa iliyochanganywa kama kibandiko kinavyoelekeza. Hakuna tone linalopeperuka, na chupa ndogo hudumu misimu.

Wapo watakaouliza kama hakuna mdudu wa kulila. Marekani walimwachilia utitiri aitwaye Aceria malherbae huko Texas mwaka 1989, naye huyakunja majani ya konvolvulasi na kuidumaza, hasa mahali pakavu. Kwa mwenye bustani wa hapa, njia hiyo haimo kati ya zile anazoweza kuchagua.

Udongo wa Nakuru na udongo wa Kano

Ushauri uleule haufai kila mahali, na hapo ndipo vijitabu vingi hukosea. Nakuru, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,850, ina udongo mwepesi wa volkano ambao jembe uma hupita bila shida; mizizi hutoka mizima kwa urefu wa kuridhisha, na kuchimba kukifuatwa na kukata ndiyo njia ya kuanza nayo. Hata hivyo wepesi huohuo huiruhusu mizizi kushuka, na mvua inayoendelea mpaka Agosti huongeza miezi ya kukata. Jua la nyanda za juu kama Molo ni dogo mno kwa nailoni angavu.

Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, ni joto, na kwenye uwanda wa Kano udongo ni mfinyanzi mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Huko kuchimba ni adhabu: udongo ukiwa mkavu mizizi hukatika juu, na ukiwa umelowa huwezi kuitenganisha na bonge. Kwa bahati nzuri, mpinzani wa kawaida wa Ahero na Nyando ni ipomea au mlangamia kuliko konvolvulasi, na yote mawili yanamalizwa kwa panga, moto na mzunguko wa mazao, pamoja na kuchimbua kisiki cha ipomea ya vidole vitano, ambacho hakiko chini sana. Kwenye udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega, ambako vishamba ni vidogo na kila hatua ina zao, kufunika kwa muda mrefu hakuwezekani, na dawa ya kunyunyizia humfikia jirani kabla ya kulifikia gugu. Kukata kwa ratiba ndiyo njia inayobaki.

Uchaguzi wenyewe

Ikiwa una kitanda kimoja au viwili vya mboga vilivyoingiwa na konvolvulasi mwaka huu, chimba kwa jembe uma sasa na ukate kila machipukizi yanapotokea. Gugu changa ambalo halijashusha mizizi linaweza kuisha kabisa. Ikiwa limekuwepo kwa miaka na limeenea bustani nzima, usichimbe kote. Gawa bustani: sehemu mbaya zaidi ipandwe nepia, sehemu ya mboga ikatwe kwa ratiba, na kingo zenye mawe au ua zipakwe dawa kwa sponji wakati wa maua. Ikiwa unaishi mbali na huna mtu wa kuaminika wa kukata kila wiki mbili, nailoni nyeusi ni bora kuliko kukata nusunusu. Na ikiwa shamba ni la mahindi matupu ya eka kadhaa, 2,4-D mahindi yakiwa machanga ina hoja yake, mradi jirani hana nyanya upande ambao upepo unaelekea.

Mizizi iliyookotwa isipelekwe kwenye shimo la mboji ikiwa mibichi. Itandaze juu ya mabati juani mpaka ivunjike kwa mkono, au izamishe kwenye ndoo ya maji kwa wiki kadhaa mpaka ioze. Mashina yenye mbegu yachomwe. Tahadhari hiyo iende pia kwenye samadi unayonunua: mbegu za konvolvulasi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, kwa hiyo samadi kutoka zizi linalolishwa nyasi za mashamba ya ngano irundikwe, ilowanishwe na igeuzwe mpaka ipate joto kali ndani, kabla ya kumwagwa kwenye kitanda ambacho umekitolea jasho kukisafisha.